Sindano ya artesuneti zahanati: iyeyushwe na nini, dozi ipi, na mtoto akirudi amepauka?

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko zahanati ya kijijini, na mvua ikinyesha safari ya hospitali ya wilaya huchukua nusu siku. Wiki mbili zilizopita tulipokea mtoto wa miaka mitatu, kilo 14, amepata degedege mara mbili, hajitambui, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya. Artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, ya miligramu 60 ilikuwepo, ila ile ampuli ndogo ya kuyeyushia ilikuwa imevunjika. Mwenzangu akasema tuyeyushe kwa maji ya sindano. Mwingine akasema dozi ni miligramu 2.4 kwa kilo, mimi nilifundishwa 3. Asubuhi mtoto aliamka akaomba uji, tukabishana kama aendelee na sindano au aanze mseto (dawa ya malaria ya kumeza). Jana amerudi, amepauka sana, hana homa, na mRDT bado ni chanya. Tuanze artesuneti upya? — Muuguzi

JIBU: Marahaba. Nianze na mtoto aliyerudi, maana huyo ndiye anayesubiri.

Usianze artesuneti kwa sababu ya mRDT hiyo. Vipimo vingi vya mRDT tunavyotumia vinatafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mtoto aliyetibiwa malaria ndani ya mwezi uliopita anaweza kutoa mstari wa pili akiwa hana kimelea hata kimoja. Jibu lake liko kwenye hadubini. Vimelea wakionekana, anatibiwa. Wasipoonekana, kazi yako ni kutafuta kwa nini amepauka. Kama zahanati haina hadubini, mtoto aliyepauka kiasi hicho ana sababu tosha ya kupewa rufaa leo hii.

Kuna hali moja inayojulikana ya kufikiria hapa: kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu kunakochelewa baada ya artesuneti. Hutokea kuanzia siku ya 7 baada ya tiba, na mara nyingi huonekana wiki ya pili au ya tatu. Artesuneti huua vimelea wakiwa wangali wachanga ndani ya chembe nyekundu. Wengu humtoa kimelea aliyekufa na kuirudisha chembe kwenye mzunguko wa damu, lakini chembe hiyo sasa ina umri mfupi, na baada ya siku kadhaa chembe za namna hiyo huvunjika nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hali hii huwapata zaidi wale walioingia na vimelea wengi sana. Si dalili kwamba dawa ilikuwa mbovu, wala kwamba mlikosea kuichagua, na mama asiambiwe mtoto wake "hapatani" na artesuneti. Akipata malaria kali tena, dawa ni hiyo hiyo.

Pima hemoglobini leo. Ikiwa gramu 4 kwa desilita au chini ya hapo, anahitaji damu. Ikiwa kati ya 4 na 6 na anapumua kwa shida, moyo unakwenda mbio au amelegea, anahitaji damu pia. Uliza kuhusu mkojo wenye rangi ya kahawa na uangalie umanjano wa macho. Akiwa juu ya viwango hivyo na anacheza, mrudishe kila wiki kupimwa hadi siku ya 28. Utaratibu huu mpe kila mtoto anayetoka baada ya sindano za artesuneti, na umwandikie mama tarehe kwenye kadi kabla hajaondoka: siku ya 7, 14, 21 na 28.

Sasa maji ya kuyeyushia. Jibu ni hapana, maji ya sindano hayafai, si kwa kuyeyusha wala kwa kuongezea. Unga ulio ndani ya kichupa ni asidi ya artesuniki, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Ampuli ndogo inayokuja na kichupa ni sodiamu baikaboneti ya 5%, na kazi yake ni kuigeuza asidi hiyo kuwa chumvi inayoyeyuka. Ukiweka maji peke yake, sehemu ya unga hubaki imeganda, unavuta maji yenye dawa kidogo, na mtoto anapata dozi pungufu bila mtu yeyote kujua.

Kichupa cha miligramu 60 kinaandaliwa hivi. Vuta mililita 1 ya baikaboneti, ingiza kwenye kichupa, tikisa dakika 2 hadi 3 mpaka kiwe angavu kabisa. Kikibaki na ukungu au chembechembe, kitupe. Kisha toa hewa iliyo ndani ya kichupa kwa bomba la sindano, la sivyo presha itakusukumia dawa nje unapoongeza maji. Kwa kuchoma kwenye mshipa ongeza mililita 5 za maji ya chumvi ya 0.9% au glukosi ya 5%. Unapata miligramu 10 kwa kila mililita. Kwa kuchoma kwenye msuli ongeza mililita 2 tu. Unapata miligramu 20 kwa kila mililita. Makosa mengi ya dozi huzaliwa hapa: mtu ameandaa ya msuli akahesabu kama ya mshipa, mtoto akapewa mara mbili, au kinyume chake, akapewa nusu. Andika kwa plasta juu ya bomba, "10" au "20", kabla ya kuondoka mezani.

Dawa ikishaandaliwa itumike ndani ya saa moja. Inayobaki inamwagwa, haiwekwi kwenye friji kusubiri dozi ya jioni. Wala isiwekwe kwenye dripu: inaharibika wakati matone yanashuka. Kwenye mshipa inasukumwa taratibu, mililita 3 hadi 4 kwa dakika.

Siku hizi kuna artesuneti ya sindano inayokuja na kiyeyushi kimoja badala ya viwili. Maelezo yake hayafanani na haya niliyoandika. Shehena mpya ikiingia, soma karatasi iliyo ndani ya boksi kabla ya mgonjwa wa kwanza, na msichanganye viyeyushi vya aina moja na vichupa vya nyingine.

Na baikaboneti ikikosekana kabisa? Vunja boksi jingine uchukue ampuli yake, hata kama kichupa chake kitabaki bila mwenzake. Pasipo boksi jingine, mtoto wa chini ya miaka 6 mpe artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo. Huyu wa kilo 14 angepata vidonge viwili vya miligramu 100. Bana makalio kwa dakika 10, na kidonge kikitoka ndani ya nusu saa weka kingine. Lakini hiyo ni ya kumfikisha hospitali tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa hii baada ya mradi uliofanyika Congo, Uganda na Nigeria kuonyesha kwamba kuigawa bila rufaa inayofanya kazi na bila kukamilisha tiba hakukuokoa watoto kama ilivyotarajiwa. Kwa wakubwa, kama kuna artemetha ya msuli, miligramu 3.2 kwa kilo. Ikikosekana hiyo, kwinini.

Kuhusu dozi, wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo. Kilo 20 na kuendelea ni 2.4. Mwenzako alishika mwongozo wa zamani: mabadiliko yalikuja mwaka 2015, baada ya kuonekana kwamba mwili wa mtoto mdogo huiondoa dawa haraka, hivyo 2.4 ilimwachia kiwango cha chini kuliko cha mtu mzima. Kwa kilo 14: 3 × 14 = miligramu 42. Kwenye mshipa ni mililita 4.2, na kanuni ni kupandisha hadi mililita kamili inayofuata, yaani 5. Kwenye msuli ni 2.1, unapandisha hadi 3. Msishtuke kwa kupandisha. Dawa hii ina nafasi ya usalama ya kutosha, na dozi pungufu ndiyo hatari zaidi. Choma paja kwa mbele, si kalio, na kwa mtoto usizidishe mililita 2 mahali pamoja: hizo 3 zigawe, 1.5 kila paja. Mzani usipokuwepo, kisieni kwa umri, ila mzani ni sehemu ya tiba hii kama ilivyo sindano yenyewe.

Mabishano ya asubuhi ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa sababu yanatokea kila mahali. Mtoto anaamka, anaomba uji, watu wanafurahi, sindano zinakoma. Sindano ni tatu kwa uchache: saa 0 (ya kwanza), kisha saa 12 na saa 24 tangu hiyo ya kwanza, hata kama baada ya ya kwanza anakimbia wodini. Baada ya hapo, kama bado hawezi kumeza, anachomwa mara moja kila siku hadi aweze, mwisho siku 7. Akiweza kumeza, anaanza mseto kati ya saa 8 na 12 baada ya sindano ya mwisho, na anameza dozi kamili ya siku tatu. ALu, yaani mseto wa artemetha na lumefantrini, kwa kilo 14 ni kidonge kimoja asubuhi na jioni, vidonge sita kwa jumla, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Artesuneti hushusha vimelea haraka mno lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Wanaobaki huuawa na lumefantrini iliyo kwenye mseto. Ukiruka mseto, homa hurudi. Hili lina uzito zaidi sasa ambapo vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini (jamii ya dawa ambayo artesuneti imo) vimethibitishwa Rwanda, Uganda na huku kwetu Kagera, Tanzania.

Zahanati yenu, kwa umbali huo, ifanye hivi: choma dozi ya kwanza kwenye msuli mara moja, kisha andaa rufaa. Kwenye barua andika uzito, miligramu zilizotolewa, njia, na saa kamili. "Amepewa artesuneti" peke yake haimsaidii anayempokea. Ataanza upya au atasubiri kesho. Barabara ikifungwa, endeleeni wenyewe na dozi ya saa 12 na ya 24.

Kabla ya gari kuondoka, degedege ikiendelea mpe diazepamu njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo: kwake 7, yaani mililita 1.4 za ampuli ya miligramu 10 kwa mililita 2. Pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, mpe glukosi ya 10%, mililita 5 kwa kilo, kwake 70. Kama mna ya 50% tu, chukua mililita 14 uchanganye na 56 za maji ya sindano, ambayo hapa ndipo mahali pake. Usipopata mshipa, weka kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa chini ya ulimi, rudia kila dakika 10 hadi 20. Msimmiminie dripu ya kasi kwa sababu tu mikono ni ya baridi: utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa wengi zaidi. Na mpe antibayotiki ya sindano ya dozi ya kwanza kulingana na mwongozo wenu, kwani mtoto asiyejitambua anaweza kuwa na malaria na maambukizi ya bakteria kwa pamoja, na kwenye zahanati huwezi kuyatenganisha.