Kulisha kondoo kiangazi: usianze na pumba

Wadau, kila ikifika mwezi wa saba au wa nane maswali yanayonifikia ni yaleyale, kondoo wanakonda, nyasi zimeisha, ninunue pumba gunia ngapi? Na jibu langu huwa linawaudhi watu: pumba iache kwanza, anza na majani. Najua pumba ndiyo inapatikana kirahisi, mashine za kukoboa huku Mwanza ziko kila kona kuanzia Igoma mpaka Kisesa, unatuma boda analeta gunia, unamwaga kwenye chombo, kondoo wanakimbilia na we unajiona mfugaji. Lakini kondoo siyo kuku. Huyu anacheua, tumbo lake kubwa limejaa vijidudu ambavyo ndivyo vinavyomeng'enya majani, kwa hiyo kabla hujamlisha kondoo unavilisha hivyo vijidudu, navyo vinataka nyuzinyuzi za kutosha na protini japo kidogo. Chakula kikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini vinadorora, majani yanakaa tumboni muda mrefu, kondoo anaonekana kashiba tumbo limetuna kumbe ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili.

Mabua ya mahindi yana protini kama asilimia 4 au 5 tu, na majani ya mpunga yako hukohuko. Ndo maana mtu anajaza banda mabua mpaka darini na bado kondoo wanaisha. Siyo kwamba mabua hayafai, yanafaa sana kujaza tumbo, ila yanahitaji mwenzake.

Sasa huyo mwenzake kwa Kanda ya Ziwa tunamchoma moto kila mwaka. Nenda Misungwi au Kwimba kwenye zile mbuga za udongo mweusi watu wanapopura dengu, ukiangalia chini unakuta lundo la vishina, vijani na maganda ya dengu, mwenye shamba kachukua punje zake kaondoka, kinachobaki kinapeperushwa na upepo au kinapigwa kiberiti. Choroko vilevile. Majani ya karanga ndo usiseme, yakianikwa vizuri yakabaki na ukijani wake kondoo anayachagua kabla ya kitu kingine chochote, na protini yake inapita mabua mara mbili na zaidi. Maganda magumu ya karanga usiyabebe, ni kuni tu yale.

Mi ninachofanya, mwezi wa sita na wa saba naenda kwa waliovuna naongea nao mapema, wengi wanakupa bure au kwa hela ya soda, gharama inayobaki ni usafiri. Na hapo kwenye usafiri ndo pa kupigia hesabu maana majani ni mepesi ila yanajaza gari, Canter moja unaiona imefurika kumbe hujabeba kilo za maana. Yafunge mafungu, yakanyage, au utengeneze sanduku la mbao unajaza majani unashindilia unafunga kwa kamba, yanatoka kama marobota. Ukifika nyumbani weka kwenye kichanja kilichonyanyuliwa kutoka chini na chenye paa. Wazee wetu Usukuma walikuwa na ngitili, eneo linafungwa wakati wa mvua ili mifugo ije ile kiangazi, sasa mwenye robo eka Buhongwa hana pa kufunga ngitili, kichanja ndo ngitili yake.

Marando ya viazi vitamu ni mazuri sana yakiwa mabichi, na msimu wa michembe, vile viazi vitamu vinavyomenywa na kukatwa vipande vya kuanika, maganda yanakuwa mengi kupita maelezo. Kuna mama mmoja jirani anakaa na wanae kibarazani wanamenya viazi kuanzia asubuhi, nikamuuliza mama haya maganda unapeleka wapi, akacheka, "chukua tu mwanangu, ila ufagie na hapo." Basi ikawa utaratibu wetu, mi nafagia nachukua mzigo. Maganda nayakung'uta mchanga, naanika siku nzima kwenye turubai, yale yenye ukungu au kiazi kilichooza nikakiona cheusi natupa mbali kabisa kwa sababu viazi vya hivyo vina sumu inayoharibu mapafu ya mnyama. Maganda ya muhogo nayo yapo, ila muhogo una sianidi hasa ule mchungu, kwa hiyo usimpe kondoo mabichi, yakatekate uanike juani siku mbili tatu mpaka yavunjike mkononi ndo umpe.

Hapohapo niseme la mtama maana limeua mifugo ya watu wengi. Mtama ukishavunwa, mvua kidogo ikinyesha shina linachipua tena, vile vichipukizi vya kijani vinavutia kweli na kila kitu kingine kikiwa kimekauka kondoo anaenda hapo moja kwa moja. Sumu ni ileile ya muhogo na inakuwa nyingi kwenye majani machanga au yaliyonyauka kwa ukame. Mnyama anahema kwa kasi, anayumba, anaanguka, wakati mwingine hata simu ya daktari hujamaliza kupiga. Shamba la mtama lililochipua zungusha miba.

Haya, tuje kwenye mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Huku kwetu raha ni mashudu ya pamba, viwanda vya kuchambua na kukamua viko karibu, na mashudu ya alizeti yanapatikana pia. Ya pamba uliza kama ni yenye maganda au yaliyomenywa, maana yaliyomenywa protini inafika asilimia 40 na yenye maganda ni kama 25 hivi, bei zisifanane wakati mzigo haufanani. Ukipata yale ya mabonge twanga kwanza. Kondoo wa kilo 30 anakula kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, ndani ya hiyo kilo mi mashudu naweka gramu 100 mpaka 150, basi. Pima mara moja kwenye mizani ya dukani, chukua kopo, weka alama ya msumari pale yalipofika, kuanzia hapo hata mtoto analisha sawasawa. Wanakondoo wadogo ambao bado wananyonya na tumbo lao halijaanza kucheua vizuri usiwape ya pamba, ile mbegu ina sumu inaitwa gosipoli ambayo kondoo mkubwa anaivumilia ila mdogo hapana. Na jamani, mbegu za pamba za kupandia zilizobaki, zile zilizopakwa dawa, siyo chakula, hata ukizisuuza mara ngapi.

Baada ya hayo yote ndo pumba inaingia, kama nyongeza ya nguvu. Gramu 200 au 250 za pumba ya mahindi kwa kondoo, tena gawa asubuhi na jioni, na wawe wamekula majani kwanza. Ukimmwagia pumba nyingi kwa mpigo akiwa na njaa tumbo linachachuka, anaharisha, anasimama kapinda mgongo, anaweza kufa. Jirani mmoja alirudi na magunia ya pumba ya bei chee akaamua wale mpaka wachoke, kesho yake alikuwa anagawa nyama mtaani. Chakula chochote kipya kiingize kidogokidogo kwa wiki moja mpaka mbili.

Pumba ya mpunga inataka macho. Mashine ndogo inatoa maganda na pumba vimechanganyika, na ganda la mpunga halina kitu, ni la kuchomea matofali. Chota kiganjani usugue, pumba nzuri ni laini inanata kidogo kwa mafuta yake na inanukia mchele, ya maganda inakwaruza. Ukiwa bado na wasiwasi tia ngumi moja kwenye glasi ya maji, maganda yanaelea, mchanga unakaa chini, hapo unajua umeuziwa nini. Na isikae sana, yale mafuta yanachacha na kutoa harufu mbaya ndani ya wiki chache. Pumba yoyote iliyopata unyevu ikaota ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, usijidanganye kwamba ukiianika imepona.

Kitu ambacho wengi hawakijui, pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Kwa kondoo dume hii inaleta vijiwe kwenye njia ya mkojo, utamuona anajikamua mkojo unatoka matone au hautoki kabisa, na njia yake ni nyembamba sana kwa hiyo akiziba ni shughuli. Ongeza chokaa ya mifugo kidogo kwenye mchanganyiko, weka chumvi ya kulamba, na maji safi yasikauke, kondoo anayekula vikavu kutwa anakunywa kuliko unavyodhani.

Chumvi yenyewe angalia lebo. Kondoo hawezani na madini ya shaba, yanajikusanya kwenye ini kimyakimya wiki na miezi halafu siku moja macho yanakuwa ya njano, mkojo mwekundu mweusi, umemkosa. Kwa hiyo madini yaliyotengenezwa kwa ng'ombe, chakula cha kuku au nguruwe kilichobaki, mbolea ya kuku ambayo wengine wanalishia ng'ombe, vyote hivyo kwa kondoo hapana. Tafuta iliyoandikwa kondoo.

Masalia ya sokoni, kabichi, maganda ya ndizi na mananasi, nayapenda ila lazima uyapekue. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 ila vile vifungashio laini na kamba za viroba bado vimejaa jalalani, na vikiingia tumboni havitoki. Gugu maji la ziwani nimeulizwa sana, jibu ni kwamba zaidi ya sehemu 9 kwa 10 ni maji, unabeba ziwa mgongoni, na linanyonya uchafu wa pale lilipoota, mi silishi.

Kama hela ya mashudu haitoshi kwa kundi lote usiwagawie wote kijiko kijiko. Jike anabeba mimba siku 150 hivi, na zile wiki 6 za mwisho ndo mtoto anakua sana tumboni, huyo mpe mashudu na majani ya dengu, endelea naye anaponyonyesha. Kisha madume machache unayotaka kuyauza sikukuu, miezi miwili au mitatu kabla. Waliobaki mabua, makapi ya choroko na chumvi vinawavusha mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja, na yule jike mzee ambaye meno yameshaisha muuze mwezi wa sita angali na mwili, kabla hajaanza kukumalizia chakula cha stoo.