Plamu zikiiva Lushoto: siku za moto na siku za kutembea

Kila familia yenye shamba la wazee Lushoto, kwenye milima ya Usambara, inaijua Januari ilivyo. Plamu zinaiva zote kwa mpigo, pichesi zinafuatia, peasi zinaanza kudondoka, na kule bondeni nyanya zinataka kuchumwa kabla hazijapasuka. Wakati huohuo ndiyo likizo. Wajukuu wamepanda mlima kutoka Dar es Salaam na Tanga tangu shule zilipofungwa Desemba, na wanataka kutembezwa. Nimeona likizo nyingi za ndugu na majirani zikiishia jikoni: akina mama wamesimama kwenye moshi hadi usiku, watoto wanazurura uani hawana la kufanya, na bado nusu ya matunda yanaozea chini ya miti.

Kwetu tuna utaratibu mmoja, na ndio ninaotaka kuwashawishi muujaribu. Siku ya moto hatuendi popote, na siku ya kutembea hatuwashi moto wa jamu. Tukijaribu kuchanganya, jamu inaungua na matembezi yanakuwa ya haraka haraka.

Anayepanga siku ipi ni ipi si mimi wala bibi yao. Ni matunda. Jioni babu anapita kwenye miti, anaminya plamu mbili tatu kwa kidole gumba, anarudi na jibu. Plamu iliyoiva leo haisubiri hadi kesho kutwa. Pichesi ikichumwa bado ngumu kidogo inakaa siku kadhaa kwenye tenga, na peasi ndiyo mvumilivu kuliko zote, kwa sababu huchumwa ngumu ikaivia ndani ya nyumba. Kwa hiyo plamu ndizo zinazoshika ratiba, na nyingine zinasubiri zamu. Anayelijua hilo anapata siku za kutoka bila kuacha kitu kiharibike.

Jambo la pili: si lazima kila tunda liingie kwenye chupa. Nalisema kwa msisitizo, maana wengi wetu tumelelewa kuona aibu tunda likipotea. Sukari ni ghali, mkaa ni ghali, na jamu ambayo haitaliwa mwaka mzima ni fedha iliyofungiwa kabatini. Pigeni hesabu ya chupa mnazokula kweli, ongezeni chache za kugawa, basi. Zinazobaki ziliwe na watoto mpaka washibe, zipelekwe kwa majirani wasio na miti, au ziuzwe kwa sado na kwa ndoo kwa wanaoteremsha matunda Soni, au Mombo kwenye barabara kuu, ambako mabasi hayakosi wanunuzi.

Sasa jamu yenyewe. Kwa kila kilo ya plamu tunatia robo tatu ya kilo ya sukari, na zikiwa chachu sana tunafikisha kilo nzima. Katika kila tenga tunahakikisha robo hivi ya matunda hayajaiva sawasawa, kwa sababu kinachoifanya jamu igande ni pektini, nayo ni nyingi zaidi kwenye tunda ambalo bado lina ugumu. Plamu zilizoiva mno peke yake zitawapa sharubati nzito, tamu lakini isiyokaa juu ya mkate. Chemsha kwanza matunda na maji kidogo mpaka maganda yalegee, ndipo utie sukari. Ukitanguliza sukari, maganda yanabaki magumu kama ngozi. Kokwa msihangaike kuzitoa zikiwa mbichi. Jamu ikichemka zinapanda juu zenyewe, mnaziopoa kwa kijiko chenye matundu.

Sufuria iwe pana kuliko kuwa na kina, maji yapate kutoka upesi na rangi ibaki nyekundu. Kama ni ya alumini, ipikie lakini usilaze matunda humo hata usiku mmoja, kwa sababu uchachu wa plamu unaila.

Kujua kama imeiva ni kazi ya watoto. Bibi anaweka visahani kwenye friji mapema, mmoja anakuja na kisahani cha baridi, anadondoshewa tone, anasubiri kidogo, kisha anasukuma tone hilo kwa ncha ya kidole. Uso wa tone ukijikunja vikunyanzi vidogo, jamu iko tayari. Ukitiririka kama maji, mnarudi jikoni dakika tano tena. Mjukuu wetu wa darasa la pili hulisukuma tone akiwa amezuia pumzi, kisha hutangaza hukumu kwa sauti ya hakimu, na hakuna mtu mzima anayethubutu kumpinga.

Kipimo hicho cha kisahani kina faida nyingine kwa sisi wa mlimani. Mapishi mengi ya kwenye mtandao yanasema jamu huiva ikifika nyuzi 104 au 105. Hiyo ni kweli kwa mtu wa Tanga mjini, usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa huo, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Jamu ya hapa huwa tayari karibu na nyuzi 99 au 100. Ukisubiri kipimajoto kifike 105, utapata karameli ya plamu iliyogandamana na mwiko.

Mwinuko huohuo unageuza pia muda wa kuchemsha chupa. Kwa kuwa maji yanayochemka hapa ni ya moto mdogo kuliko ya pwani, kila kitu kinataka dakika zaidi. Chupa tupu tunazichemsha dakika 15 badala ya 10. Jamu ikishamiminwa ingali moto, tukaacha nafasi ya nusu sentimita juu, tukafuta mdomo wa chupa na kufunga mfuniko, chupa zinarudi kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10, wakati pwani 5 zingetosha. Ndani ya sufuria, pale chini, tandikeni kitambaa cha zamani kilichokunjwa, maana chupa ikigusa chuma cha moto inapasuka. Maji yafunike mifuniko kwa vidole viwili. Zikitolewa ziachwe zimesimama, zisiguswe mpaka kesho yake. Asubuhi bonyeza katikati ya kila mfuniko. Uliozama na haurudi juu umeshika. Unaotoa mlio wa tak, chupa yake iende kwenye friji na ianze kuliwa.

Chupa za zamani za asali au mayonezi zinafaa kwa jamu, mradi mdomo haujamegeka na mpira wa ndani ya mfuniko haujakauka. Kwa nyanya mimi sikubali mfuniko wa zamani. Nunueni mipya.

Kwenye nyanya nitakaa kidogo, kwa sababu hapa si suala la ladha tu. Kuna bakteria wa udongoni aitwaye Clostridium botulinum ambaye mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka. Akifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa na isiyo na uchachu wa kutosha, hutengeneza sumu inayopoozesha misuli na inayoweza kuua, na mara nyingi chupa hiyo haina harufu wala dalili yoyote. Uchachu ndio unaomzuia: chakula chenye pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi) ya 4.6 au chini ya hapo hakimpi nafasi. Plamu na pichesi za kawaida ziko upande wa salama. Nyanya ziko mpakani kabisa, na zilizoiva sana huvuka. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita ya nyanya zilizopondwa na kuchemshwa tunaitia robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Ndimu za shambani zinatofautiana uchachu, ndiyo maana kwa kazi hii siziamini. Kisha chupa zinachemshwa dakika 45 kwa mwinuko wetu, zikihesabiwa tangu maji yaanze kuchemka tena.

Kutoka hapo msiongeze ubunifu. Vitunguu vingi, karoti na hoho ndani ya nyanya vinapunguza uchachu, basi vitieni siku ya kupika mchuzi. Na maharage, karoti, mahindi mabichi, supu au nyama, visiingie kwenye chupa za kuweka kabatini kabisa. Vinahitaji moto unaozidi nyuzi 115, unaopatikana tu kwenye chombo cha presha kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Presha kuka ya kupikia maharage si chombo hicho. Najua wapo wanaosema bibi zao walifanya na hawakufa. Bibi zetu wa Kisambaa walikausha maharage juani na kuacha karoti ardhini mpaka siku ya kuzila, na walikuwa na akili sana.

Kukausha nako kunataka kujua mahali. Lushoto ina ukungu wa asubuhi, na vipande vya nyanya vinaota kuvu kabla havijakauka. Mombo, chini kabisa ya mlima, jua ni kali na hewa ni kavu. Tuna shangazi huko, na tenga la nyanya likiteremka na gari la asubuhi, yeye anazikata nusu, anazinyunyizia chumvi na kuzitandaza kwenye chekecheke chini ya chandarua cha kuzuia nzi. Zinarudi zimekuwa nyepesi na zenye ladha kali ambayo mchuzi wa dagaa unaipenda. Gari likirudi huleta embe mbichi za Korogwe au Muheza, nazo ndizo achari yetu. Zinakatwa na maganda yake, zinalazwa na chumvi, zinaanikwa siku moja, kisha zinachemshwa kidogo na siki, pilipili, vitunguu saumu na bizari. Achari ni rahisi kuliko jamu, na kwa uchachu wa embe mbichi na siki haina wasiwasi.

Na siku za kutembea? Tunafunga mikate, mayai ya kuchemsha na plamu, tunaondoka mapema. Irente ndiyo safari ya kwanza kila mara, kwa sababu hata mtoto mdogo anaweza kutembea kutoka mjini akipumzishwa njiani. Ukifika ukingoni ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaziona nyumba za Mazinde, mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Washikeni watoto mikono hapo, hakuna uzio wa kuaminika. Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, wanakouza jibini, mkate na jamu zao. Nawashauri mnunue chupa moja hata kama kwenu zimejaa, ili watoto waonje na kulinganisha na ya nyumbani. Mjadala wa kurudi hapo ni mtamu.

Msitu wa Magamba unawafaa zaidi walio na miaka minane kuendelea. Chukueni mwongozaji, na mvae masweta, kule ni baridi hata Januari. Mbega weusi wenye mikia myeupe wanaonekana juu ya miti kwa anayenyamaza, na mwongozaji mzuri atawaonyesha kinyonga mwenye pembe mbili puani ambaye makao yake ni milima hii. Maporomoko ya Soni yako karibu na barabara, kwa hiyo sisi tunayapitia siku ya kuteremka, si kama safari ya peke yake.

Siku ya moto nayo watoto wasifukuzwe, wapewe kazi kwa umri. Wadogo wanaosha matunda na kuchambua yenye funza. Wa shule ya msingi wanaandika lebo: aina, mwezi, mwaka. Wakubwa wanakoroga kwa zamu kwa mwiko mrefu, mikono imefunikwa, kwa sababu jamu ikirukia ngozi inaunguza vibaya kuliko maji. Kumimina kwenye chupa ni kwa watu wazima peke yao.

Mwisho wa likizo chupa zinateremka. Barabara ya Lushoto hadi Mombo ni kona tupu, hivyo fungeni kila chupa kwa gazeti, zisimame wima ndani ya boksi lenye nguo kuzunguka pande zote, na boksi likae miguuni penu, si kwenye buti la basi. Mkifika Dar ziwekeni mahali penye giza na pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba, kwa kawaida chini ya kitanda cha chumba kisichopigwa na jua la jioni. Juu ya jiko haifai hata kidogo. Jamu na nyanya ziliwe ndani ya mwaka mmoja. Mfuniko uliovimba, au povu linaloruka chupa ikifunguliwa, msionje hata kwa ncha ya ulimi. Tupeni na chupa yake, mahali ambapo kuku na mbwa hawafiki.