Walichota maji yetu, majibu yako wapi?

Barua nyingi mlizoniandikia mwezi huu zinarudi palepale: watu wa vyuo wanakuja Mtwara na Lindi kupima maji, udongo na hewa, kisha matokeo hayaonekani. Nimechagua tano.

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, kwetu ni Nachingwea. Kisima kimoja nilichopima kina madini ya risasi miligramu 0.02 kwa lita. Msimamizi wangu anasema tusubiri makala ichapishwe. Watu wanaendelea kuchota. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01, kwa hiyo hapo mmeshazidisha mara mbili. Makala inaweza kukaa kwa wahariri mwaka mzima, na mwaka kwa mtoto mchanga anayekorogewa uji kwa maji hayo ni umri wake wote. Risasi huwadhuru zaidi watoto na wajawazito, tena kimyakimya.

Leo hii mpigie meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, umweleze ulichokiona, na kwamba unarudia kipimo. Kisha rudi kisimani. Chukua sampuli moja alfajiri kabla mtu hajagusa pampu, na nyingine baada ya kupampu kwa dakika kadhaa. Kama ya alfajiri iko juu na ya pili imeshuka, shuku vyuma vya pampu yenyewe, na hapo dawa huenda ikawa kubadilisha vipuri tu. Zikilingana, tafuta chanzo mbali zaidi ya pampu. Wenye mamlaka watakuuliza hilo kabla ya lolote, nawe uwe na jibu.

Majibu yakithibitika, andika barua ya ukurasa mmoja kwa RUWASA, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, afisa mazingira wa halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini iliyopo Mtwara. Ukiona dalili kwamba uchafuzi unatokana na shughuli ya mtu au mradi, ipeleke pia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Taja kisima, tarehe, maabara na namba. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nimeona barua nyingi zikipotea kwa kukosa muhuri huo.

Msimamizi wako usimzunguke, nenda naye. Mwonyeshe masharti ya jarida mnalolilenga: majarida makubwa ya afya yanakubali kwamba kuitaarifu serikali juu ya hatari kwa umma hakuizuii makala kuchapishwa.

Na ukikaa na wanakijiji, usiondoke bila kuwaambia kwamba kuchemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua sufuriani, risasi inabaki ileile. Mtu akisikia "maji si salama" tu, atachemsha, atampa mtoto na kulala akiwa na amani.

"Mwaka juzi vijana wa chuo walichimba udongo chini ya mikorosho yangu hapa Tandahimba, wakanipa karatasi nikatia sahihi. Walisema ni mambo ya salfa. Sijawaona tena. Nina haki ya kudai majibu?"

Unayo, mzee wangu. Na mimi nina deni kama la hao vijana. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nabeba mifuko ya sampuli kwa watafiti wa chuo kimoja. Tulichimba shamba la mama mmoja huko Newala, akatupikia mihogo kwa nazi, akatushikia tochi jua lilipozama ili tumalize kuandika lebo. Alipouliza tutarudi lini, mimi ndiye niliyejibu: mwakani. Hatukurudi. Lile jibu langu linanisumbua mpaka leo.

Anzia kwa mtendaji wa kijiji. Mtafiti hupita mkoani, wilayani na kwenye kata kabla ya kufika kwako, na huacha barua ya utambulisho. Omba jalada, utaona jina la chuo na la mhusika. Waandikie kupitia ofisi ya kijiji. Kama ni chuo cha umma, itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Jambo lenyewe liingizwe kwenye agenda za mkutano mkuu wa kijiji, maana majirani zako nao walichimbiwa.

Uwe pia unajua cha kuuliza. Salfa tunayopuliza kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, haibaki yote kwenye maua. Nyingine huanguka chini, na vijidudu vya udongo huigeuza polepole kuwa asidi. Udongo wetu wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kuizima asidi hiyo. Waulize pH ya shamba lako, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, ni ngapi, chini ya mti na katikati ya mistari. Ikishuka chini ya 5.5, mahindi huanza kutaabika, ilhali mhogo huvumilia zaidi. Chokaa ya kilimo hurekebisha, lakini kiasi chake hupangwa kwa kipimo, si kwa kukisia.

Suala hili la salfa na udongo wa kusini lilishachapishwa na watafiti mwaka 1997, likachapishwa tena 2003. Yote kwa Kiingereza, kwenye majarida ya nje. Sijawahi kuyakuta yamebandikwa kwenye ubao wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, wala kwa muhtasari. Hilo linaniuma, kwa sababu udongo ule ni wenu.

"Mimi ni diwani. Tumeletewa ripoti ya kurasa themanini, Kiingereza kitupu. Tufanye nini nayo?"

Mheshimiwa, ipokeeni, kisha mwombeni mtafiti ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mpangieni siku ya kuja kuusoma mbele ya watu.

Niliwahi kusimama chini ya mwembe nikisoma matokeo ya maji: "mikrogramu kumi kwa lita," na maneno mengine ya namna hiyo. Bibi mmoja aliyekaa mbele, ndoo yake katikati ya miguu, alinyoosha mkono. "Mwanangu, ninywe au nisinywe?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, na ndilo pekee lililowaleta pale.

Ukurasa huo basi uanze na jibu la bibi: kisima gani kinyweke, kipi kisinyweke, kipi kitumike kufulia tu. Kisha namba iliyopatikana na kiwango kinachoruhusiwa, ziandikwe sambamba. Mwisho nani atafanya nini, na lini.

"Nikitangaza matokeo yanayotofautiana na ya serikali, sitafungwa?"

Hofu hii ilitokana na marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu, yaliyofanya kutangaza takwimu zinazopinga za serikali kuwa kosa la jinai. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha tena na kuliondoa kosa hilo. Kinachokulinda siku zote ni kuonyesha njia uliyotumia, na kuwapa wahusika serikalini matokeo kabla hujaenda redioni.

"Mwalimu, huku Newala tunakinga maji ya mvua ya bati. Msimu wa salfa bati linakuwa la njano. Maji hayo tunywe?"

Mama, salfa hupulizwa kiangazi, na kinachotua juu ya bati hukaa hapo kikisubiri mvua pamoja na vumbi na mavi ya ndege. Siku hizi mashambani hupulizwa pia viuatilifu vya maji, na hivyo ni vikali kuliko salfa. Kabla ya mvua kuanza fagia bati na mifereji. Mvua za kwanza chomoa bomba linaloingia kwenye simtanki, maji yamwagike nje mpaka bati liwe safi, ndipo urudishe. Madumu yaliyokuja na dawa yatobolewe, asiyachotee mtu maji wala kuwekea mafuta ya kula, hata yakisuguliwa kwa mchanga.

Na kama kuna mwanafunzi anayetafuta mada, achukue hii ya maji ya bati Novemba na Desemba. Mama huyu amekubali nyumba yake ianze kupimwa. Sharti lake ni moja: majibu asomewe yeye kwanza, barazani kwake.