Jibu: Hilo "GNU" kwenye jina la Debian linatoka wapi?

Mkuu, umeuliza kama kuuita mfumo endeshi wa Debian "GNU/Linux" ni mbwembwe tu. Hapana. Linus Torvalds alipotoa Linux, yaani kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya kompyuta), mwaka 1991, mradi wa GNU wa Richard Stallman, wa kuunda mfumo endeshi huru, ulikuwa umeshatangazwa tangu 1983, na tayari ulikuwa na kompaila ya GCC (ya kugeuza msimbo kuwa programu), sheli ya Bash (ya kupokea amri unazoandika) na zana nyingine kibao. Kilichokosekana ni kerneli iliyokamilika. Kwenye hiyo Debian yako fungua terminali, andika ls --version: mstari wa kwanza utakuonyesha "GNU coreutils", yaani zana za msingi za GNU. Kazi hiyo ndiyo Stallman anataka itajwe.

Binafsi naona ana haki, ila si kila mahali. Alpine, mfumo mwingine wa Linux, inatumia musl na BusyBox badala ya zana za GNU, na Android ina kerneli ya Linux bila zana za GNU. Ukiziita GNU/Linux unampa mtu sifa isiyo yake. Kichekesho ni kwamba hata Torvalds alitaka jina la Freax! Ari Lemmke, aliyesimamia seva ya FTP (ya kupakulia mafaili) huko Ufini, ndiye aliyeipa folda jina "linux", likaganda.

Kwenye ripoti yako andika Debian GNU/Linux. Kijiweni sema Linux tu, tutakuelewa.