Daftari Lililokwama Ukurasa wa 9

Msomaji mmoja ametuma picha ya daftari lake la michoro. Alianza kwa kasi, akafika ukurasa wa 9, mambo yakaishia hapo. Anauliza apate wapi muda wa kuchora kila siku. Ukiitazama picha hiyo unaona kwamba muda hauna kosa. Daftari ni la A4, jalada gumu, karatasi nyeupe pee. Ukurasa wa namna hiyo unadai kazi ya saa nzima, na aliyetoka kwenye shughuli zake jioni hana saa nzima. Anaufungua, anautazama, anaufunga.

Punguza ukurasa. A6 ni sentimita 10.5 kwa 14.8, yaani robo ya A4, na inaingia mfukoni. Eneo hilo linajazwa kwa dakika 10 bila kuhema. Uzito wa karatasi nao uutazame: karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile ya kawaida ya kuchapia, hupitisha wino upande wa pili na kujikunja ikipata maji. Gramu 150 zinatosha kwa penseli, kalamu na rangi kidogo ya maji. Ya gramu 300 inavumilia maji mengi, lakini daftari linakuwa nene na kurasa chache, na kurasa zikiwa chache mkono unaanza kuzionea huruma.

Vifaa vingine ni vichache: penseli ya 2B, kalamu ya milimita 0.3 yenye wino usioyeyuka kwa maji, raba laini, kichongeo, vibanio viwili. Vibanio si vya upepo peke yake. Penseli laini huchafua ukurasa wa pili kwa sababu kurasa zinasuguana mfukoni unapotembea, zikibanwa hazisuguani. Ukitaka rangi, chukua tatu tu: buluu ya altramarini, kahawia nyekundu ya siena na manjano ya udongo. Buluu na ile kahawia zikichanganywa zinatoa kijivu cha mawe, cha magome na cha mawingu. Buluu na manjano zinatoa kijani kilichopoa kidogo, na ni afadhali, maana kijani cha kwenye tyubu mara nyingi kinafanana na plastiki.

Sasa mazoea yenyewe. Dakika 10 za kuchora huliwa na dakika 10 za kutafuta cha kuchora, kwa hiyo amua usiku uliotangulia, au amua wiki nzima kwa mkupuo: wiki hii majani, ijayo mawe, inayofuata ndege. Jani ndilo mwalimu mzuri wa kuanza naye. Wengi huchora kwanza umbo la nje kama yai lililochongoka, kisha wanapachika mishipa ndani, ndiyo maana majani yao yote yanafanana. Anza na mshipa mkuu, na mpindo wake uufuate kweli. Weka alama pale jani linapokuwa pana zaidi: ni katikati, karibu na kikonyo, au karibu na ncha? Ndipo uchore upande mmoja, halafu mwingine, kila mmoja peke yake, maana pande mbili za jani ni nadra kulingana. Hesabu mishipa ya pembeni. Je, inatoka kwenye mshipa mkuu ikiwa imekabiliana, au inapishana? Inafika ukingoni, au inajikunja kabla? Meno ya ukingo yaje mwisho. Andika urefu wake kwa sentimita, tarehe na saa. Mwaka 1503 mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alichora kipande cha nyasi na magugu tu, na mpaka leo watu wanakitazama. Asiseme mtu kwamba kwao hakuna mandhari.

Ndege hatulii, na hapo ndipo wengi hukata tamaa bure. Chora ndege sita wadogo kwenye ukurasa mmoja. Akigeuka, acha huyo wa kwanza, anza wa pili. Ndege hurudia mikao yake, hivyo akirudi kwenye mkao wa kwanza nawe rudi huko. Anza na mstari wa mgongo hadi mkiani. Anayeanza na jicho hujikuta na kichwa kikubwa na mkia usio na pa kukaa.

Safarini adui ni jua. Linasogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo vivuli ulivyoanza navyo sivyo utakavyomaliza navyo. Zungushia mipaka ya vivuli vyote ndani ya dakika 5 za mwanzo, kisha usiviguse tena hata vikihama. Karatasi nayo iwe kivulini, hata kama ni kivuli cha mwili wako. Ikipigwa na jua inang'aa mno, unaongeza weusi ili macho yaridhike, na ukifika ndani mchoro wote umekuwa giza. Mstari wa upeo, pale mbingu inapoonekana kukutana na ardhi, uuweke kwenye usawa wa macho yako. Ukikaa chini nao unashuka, kwa hiyo usianze umesimama ukamalizia umekaa.

Gari likitikisika, andika badala ya kuchora: "paa kutu, ukuta buluu iliyopauka, kivuli zambarau." Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipokwenda Moroko mwaka 1832 alijaza madaftari kwa michoro ya haraka na maneno yaliyochanganyika hivyo, na akaendelea kuchora mambo ya safari ile kwa miaka mingi. Ukisafiri kwa ndege, kalamu ya kujazwa wino isimamishe ncha juu, ikiwa imejaa au tupu kabisa. Iliyojaa nusu ina hewa ndani, na shinikizo la chumba likipungua hewa hiyo hutanuka na kuusukuma wino nje.

Siku ikikupita, usiilipie. Anayechora mara mbili kesho ili kufidia ya leo ataanza kudaiwa tatu, kisha atalikimbia daftari kama anavyomkimbia mdai. Ukiumwa, chora mkono wako kwa dakika 2 bila kutazama karatasi. Na kurasa mbaya zisichanwe! Ukichana moja, karatasi pacha yake upande wa pili wa mshono inalegea. Tena hakuna sheria kwamba kila ukurasa upigwe picha watu wauone. Michoro inayosubiri kusifiwa huchelewa kuanza.

Hilo daftari la A4 nalo lisiwekwe kando. Piga mistari miwili ya penseli kwenye ukurasa wa 10, mmoja wima na mmoja mlalo, upate vyumba vinne vya A6. Hizo ni siku nne.