Nyumba juu ya miti miwili: je, boriti zifungwe pande zote?

SWALI: Nina miti miwili mikubwa iliyoachana mita 3.5. Nataka kijumba cha kisasa cha kupumzikia juu yake, cha mita 3 kwa 3, mimi na mwenzangu na watoto wawili. Fundi anasema tupigilie boriti misumari mirefu kwenye miti yote miwili ili kisitikisike. Yuko sahihi? Na tutaenea?

JIBU: Hapo fundi wako amekosea. Upepo ukivuma, kila mti huyumba kivyake. Boriti iliyokazwa huku na huku itavutwa na miti yote miwili, na siku moja itang'oa misumari au ipasuke. Ifungeni kwa bolti nene kwenye mti mmoja. Kwenye mti wa pili ikalie kitako cha chuma kinachoiruhusu kuteleza. Usiku mtaisikia ikilialia. Ipakeni grisi, mlale.

Kwa nini bolti? Kidonda cha mti hakiponi kama cha ngozi yetu; mti hukizungushia ukuta, ukaendelea kukua. Misumari 20 iliyosongamana ni vidonda 20, na mbao ya katikati yake huoza. Bolti moja nene huacha kidonda kimoja. Kibaya kuliko vyote ni kamba au waya wa kuzungusha shina: shina hunenepa, waya haulegei, chakula kinachoshuka chini ya gome hukatika njiani na mizizi hufa njaa. Wala msihofu kwamba bolti itapanda mti ukirefuka. Mti hurefukia nchani. Bolti hubaki palepale.

Mtaenea, mradi msihamishie kabati humo. Watoto walale kitanda cha juu na chini, benchi liwe na sanduku ndani, meza iwe ya kukunja ukutani. Madirisha yatazamane ili hewa ipite. Sakafu ndiyo wengi huisahau: upepo unapita chini yake, kwa hiyo iwe ya tabaka mbili na katikati mjaze kizuia baridi. Kimo cha mita 2.5 kutoka ardhini kinatosha kabisa, na kwa watoto jengeni ngazi ya vidato vipana badala ya ile ya kuegemeza. Kizuizi cha barazani kifike mita 1, na mianya ya fito zake isifike sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipenye.

Ila kabla ya kununua hata bolti, gongeni mashina kwa nyundo na mkague mizizi. Mkisikia mlio wa mvungu au mkaona uyoga shinani, mwiteni mtaalamu wa miti kwanza.