Mnaoanza kumtafuta koboko wa kijani, anzeni na mti

Kila tunapopokea vijana wapya wa kuhesabu nyoka katika misitu ya pwani ya Kenya, swali la kwanza huwa lile lile: koboko wa kijani anapatikana wapi? Mimi huwaambia wamwache nyoka kwanza, wanitajie miti waliyoipita tangu asubuhi. Wengi hawafikishi hata mitatu, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Koboko huyu, kwa jina la kitaalamu Dendroaspis angusticeps, ni nyoka wa juu. Makazi yake yanafuata pwani kutoka Kenya, Tanzania na Zanzibar, kupita Msumbiji hadi mashariki mwa Afrika Kusini. Anachotaka ni majani mabichi yaliyofumana. Msitu wa Arabuko-Sokoke, huku pwani ya Kenya, una kilomita za mraba zipatazo 420, lakini si kila pembe inamfaa. Kwenye mirihi, ile miti ya jamii ya miombo, kuko wazi, jua linapenya hadi chini. Mimi hushinda zaidi kwenye msitu mchanganyiko, pale matawi ya mti huu yanaposhikana na ya mti ule hata nyoka akahama bila kugusa ardhi. Wala msidhani kwao ni msituni tu. Mwembe wenye kivuli kizito au mkorosho ambao haujapogolewa miaka mingi humtosha kabisa. Kwa hiyo wachuma embe na korosho wasalimieni, kaeni nao, wasikilizeni. Wanajua mambo ambayo ramani haina.

Tena hana haraka. Koboko mweusi huzunguka akitafuta windo. Huyu wa kijani hukaa akisubiri ndege, popo au panya amfikie. Waliofuatiliwa kwa redio walionekana kusogea mita chache tu kwa siku. Ndiyo maana nawasisitizia kuandika mti: aina yake, kimo cha tawi, upande wa jua, saa. Ukimwona leo na ukaandika vizuri, kesho una pa kuanzia.

Msimtafute kwa rangi, maana rangi ni ile ile ya majani. Tafuteni mstari usiofuata tawi, na sikilizeni ndege. Asubuhi moja shore walipiga kelele juu ya mkorosho mmoja, nami nikasimama chini yake dakika kumi nzima bila kuona kitu. Kisha nikaona kidevu cha kijani kinachoelekea manjano kimelazwa juu ya jani, ulimi ukitoka na kurudi. Kutoka hapo jicho likafuata mwili, kidogo kidogo, umepita kati ya matawi manne, karibu mita mbili. Muda wote ule alikuwa juu ya kofia yangu. Tangu siku hiyo nasimama mbali na mti kwanza, napitisha darubini tawi kwa tawi, ndipo nakaribia.

Sasa kumtambua, na hapa naomba mnisikilize sana. Mitini mtakutana na ukukwi, ambaye hana madhara kwa mtu, na ngole, ambaye ana sumu kali. Ngole ana kichwa kifupi na jicho kubwa mno, na magamba yake yana ukingo katikati. Koboko kichwa chake ni kirefu, chembamba, jicho dogo, magamba laini. Rangi itawadanganya, kwa sababu ngole jike mara nyingi ni wa kahawia, na koboko mchanga ana ubuluu ndani ya kijani chake. Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia wenye shamba kwamba nyoka mdogo aliyekuwa kwenye mwembe wao ni ukukwi tu. Alikuwa koboko mchanga. Watoto walikuwa wakicheza chini ya mti ule. Hakuna aliyeumwa, lakini nilirudi jioni kuwaeleza ukweli, na mpaka leo sitamki jina kabla ya kuona kichwa.

Kutambua huku kunaamua matibabu. Sumu ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu: misuli hutetemeka yenyewe, kope hulegea, kumeza huwa taabu, halafu pumzi. Ya ngole huzuia damu kuganda, na dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt, huko Chicago, aliumwa na ngole mchanga. Hakwenda hospitali, siku ya pili akafariki. Isitoshe, antivenomu (dawa ya kupambana na sumu ya nyoka) ya Afrika Kusini inayotibu sumu za nyoka wengi, makoboko wakiwemo, haitibu ya ngole. Yeye ana ya kwake.

Mwenzenu akiumwa, msikate kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu, msipoteze muda na jiwe la nyoka. Mlazeni, mvueni pete na saa, kiungo kilichoumwa kisitikisike, mpelekeni hospitali. Msimwinde nyoka ili mwende naye. Picha ya kutoka mbali inatosha, na kama haipo basi.

Jioni kabla ya kuingia msituni, pigeni simu hospitali ya karibu muulize kama wana antivenomu na mashine ya kusaidia kupumua. Jibu likiwa hapana, ulizeni inayofuata. Andikeni namba hizo ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila mmoja ajue ufunguo wa gari uko kwa nani.